Ni Hewa Tu

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye stuli ya wodini, mkoba mapajani, kidevu juu, kama mtu aliyekuja kudai chake. Kitandani alilala binti yake, fundi wa kushona, mguu wa kulia umefungwa ubao kuanzia gotini hadi vidoleni. Jana yake asubuhi aliteleza kwenye ngazi za sokoni akiwa na jora la kitambaa begani, kifundo kikavunjika mahali pawili. Jora halikupata hata vumbi. Alilikumbatia mpaka chini, ndivyo alivyo.

Upande wa miguuni alisimama mumewe, mtunza wanyama wa maabara ya hospitali hiyo hiyo, ndani ya ovaroli lake la kijani. Mtaani wanamwita Bwana Sungura. Jina hilo alilianzisha mama mkwe mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa, alipoambiwa kwamba mkwewe ana sungura themanini na haruhusiwi kuja nyumbani na hata mmoja. "Mfugaji gani huyu," alisema mbele ya wageni, "mwanangu hajaonja hata mchuzi?" Wageni walicheka mpaka machozi. Yeye naye alicheka, angefanyaje.

Daktari wa mifupa alikuwa na haraka zake. Alieleza mara moja, faili kifuani.

"Njia ni mbili. Ya kwanza, skrubu za chuma cha pua. Mnanunua wenyewe, tunaweka, na baada ya mwaka tunapasua tena kuzitoa. Ya pili, hizi mpya za magnesiamu. Hizi mwili unaziyeyusha polepole. Mfupa ukishaunga, nazo zinakwisha. Hakuna kupasuliwa tena. Na ni bure, kwa sababu bado zinajaribiwa. Wanyama wameshapimwa, wamefaulu. Sasa tumeanza na watu."

"Msumari unaoyeyuka?" aliuliza mama mkwe. "Ndani ya mwili? Kama sukari kwenye chai?"

"Ndiyo, mama, ila polepole."

"Na ukishayeyuka unakwenda wapi?"

Daktari alitazama saa. Hapo Fundi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mume wangu ndiye anayewatunza hao wanyama," alisema. "Huyo hapo. Si mumuulize yeye?"

Wakamgeukia wote watatu. Katika miaka tisa ya ndoa hakuna aliyewahi kumuuliza Bwana Sungura jambo la maana mbele ya mama mkwe. Aulizwe nini, bei ya majani? Leo daktari mwenyewe ametulia anamngoja, na mama mkwe, ambaye mdomo wake haujui likizo, ameufunga. Mkewe, pamoja na maumivu yote yale, alikuwa anatabasamu kwa kujivuna.

Na la kusema alikuwa nalo. Katika hospitali nzima alilijua yeye peke yake. Angesema tu, "Daktari, nina neno na wewe pembeni," basi, mambo yangekwenda vingine. Badala yake alijikohoza, akavuta kola ya ovaroli ikakaa sawa.

"Mimi nimewalea wale sungura kwa mikono yangu hii," alisema. "Ishirini na wanne. Wiki kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyechechemea. Wanaruka mpaka unashangaa. Ningekuwa mimi ndiye niliyevunjika, mngenikuta nimeshalala mezani nawangoja."

Daktari akacheka. Mama mkwe akamtazama mkwewe kama vile ndiyo kwanza analetewa posa.

"Haya," alisema. "Kama mkwe amesema." Halafu akainuka, akaisukuma stuli kwa mguu. "Kaa basi, baba. Mbona unasimama kama mgeni?"

Akakaa. Miye nasema wazi: kwa stuli ile mtu alimuuza mkewe, na wala haikuwa na mto.

*

Alichokijua kilikuwa hiki. Sungura walipowekewa zile skrubu kwenye mfupa wa muundi, wiki ya tatu wakaanza kuvimba. Magnesiamu ikilowa maji ya mwili hutoa gesi. Profesa, mkuu wa jaribio, alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alipanga kila Alhamisi saa nne mpimaji aje apime miguu yote na kuandika uvimbe umefika milimita ngapi. Kazi nzima ilikuwa hiyo: kujua mwili unaipokea vipi metali ile, unaivumilia au unaikataa.

Lakini mpimaji alikuja Alhamisi tu. Siku sita nyingine sungura walikuwa na Bwana Sungura peke yake, na yeye ndiye aliyewaona wakiburuta mguu, wakisusa majani, wakijikunja kwenye kona ya kizimba wakisaga meno. Sungura akiumwa hapigi kelele. Anasaga meno, na mtu aliyekaa nao miaka kumi na mmoja anaisikia sauti hiyo hata akiwa amewapa kisogo.

Ni mtu wa huruma, tusimnyime haki yake. Jumatano moja mchana alichukua sindano nyembamba, akampakata sungura namba saba kwenye mapaja, akamtoboa pale palipotuna. Hewa ikatoka. Haikupita robo saa namba saba akaanza kutafuna. Bwana Sungura akafurahi peke yake mle ndani, akawatoboa na wengine. Ikawa kila Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya kubadilisha matandiko, siku ya kumtoa kila mnyama kizimbani na kumshika. Hakukuwa na hila yoyote. Alhamisi mpimaji akija anakuta miguu myembamba, anaandika sifuri mpaka mwisho wa ukurasa, anaondoka.

Wiki tisa. Ripoti ilipotoka, Profesa alimpa mkono mbele ya wafanyakazi wote, akasema bila mlezi kama huyu kazi isingefika hapa ilipofika. Ni hapo tu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Profesa, ndipo Bwana Sungura alipoelewa kwamba zile sifuri ni zake. Angeweza kusema siku ile. Akasema, "Asante, Profesa."

*

Skrubu ziliwekwa, na siku za mwanzo nyumbani kulikuwa raha mustarehe. Nyumba yao ni vyumba viwili. Cherehani iko chini ya dirisha la chumba cha mbele, na Fundi alikuwa ameweka mguu mbovu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto. Sare za shule zilikuwa zimejaa kitandani, shule zinafunguliwa baada ya wiki nne, wateja wanabisha hodi kila saa. Mama mkwe alihamia kuja kumuuguza binti yake. Zamani akija alimpitishia mkwewe salamu kwenye ncha ya ulimi. Sasa anamwekea maji ya kuoga.

"Msimsumbue huyu," aliwaambia wateja. "Huyu ni mtaalamu. Mguu wa mwanangu ameusimamia yeye."

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Sungura akirudi kazini.

"Marahaba, baba, marahaba. Pole na kazi. Kaa hapa penye upepo."

Wiki ya tatu, Ijumaa, alirudi akakuta cherehani imenyamaza. Fundi amekaa kitandani, amefungua bandeji, anautazama mguu wake.

"Mume wangu, njoo ushike hapa."

Akashika. Juu ya kifundo ngozi ilikuwa imetuna, inang'aa, na alipobonyeza, chini ya kidole kukalia kwaru kwaru, kama anakanyaga mchanga. Vidole vyake vikaitambua sauti ile kabla yake.

"Ni nini hiki?" aliuliza mkewe.

"Hewa tu."

"Hewa imeingilia wapi?"

"Haikuingia. Inatoka kwenye skrubu zinapoyeyuka. Ni kawaida."

"Mbona daktari hakusema?"

"Kwani madaktari wanasema kila kitu?"

"Basi nipeleke kesho. Kliniki si Jumatatu hii, ni ile ya pili, mimi siwezi kungoja. Inanivuta mpaka gotini. Naona ngozi inataka kupasuka."

Bwana Sungura akaanza kuifunga bandeji upya. Akimpeleka kesho, daktari ataona uvimbe. Ataona uvimbe, atamwita Profesa. Profesa atauliza imekuwaje mtu wa kwanza avimbe hivi wakati sungura ishirini na wanne hawakuvimba hata mmoja. Yeye mwenyewe atamwaga unga kazini, hilo la kwanza. La pili, mama mkwe alikuwa pale mlangoni, beseni mkononi, anamtazama kwa heshima, anangoja mtaalamu aseme.

"Kwa ajili ya hewa tukapange foleni siku nzima?" alisema. "Nitaitoa hapa hapa. Hii ndiyo kazi yangu."

"Umeshawahi kuitoa?"

"Mara nyingi."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Kesho yake alirudi na sindano kutoka stoo ya wanyama, akaifuta kwa spiriti, akapiga magoti mbele ya mkewe. Mama mkwe alimulika kwa tochi ya simu ingawa kulikuwa na mwanga wa kutosha. Sindano ikaingia, hewa ikatoka fyuuu, ngozi ikalala. Fundi akaangua kicheko na machozi yanamtoka.

"Wee! Kumbe nilikuwa nimebeba tairi la baiskeli!"

"Mkwe wangu ana mikono," alisema mama mkwe. "Mimi nilishasema."

Hakuwahi kusema, lakini hakuna aliyembishia. Mchana ule cherehani ililia mpaka saa kumi na mbili.

*

Hewa ikarudi Jumatatu. Akaitoa. Ikarudi Alhamisi, akaitoa, na Jumapili akaitoa tena, maana kesho yake ilikuwa kliniki. Daktari wa mifupa alibonyeza kifundo kwa vidole viwili, akakizungusha, akamwita na mwenzake aje aone.

"Safi sana. Uvimbe hakuna. Mwaona? Kama wanyama tu." Akaandika.

"Ila, daktari," alianza Fundi, "kuna ile hewa ambayo—"

Mumewe alimshika bega, akambinya. "Anataka kujua lini ataruhusiwa kukanyaga pedali kwa mguu huu," alisema.

"Baada ya wiki sita. Asiwe na pupa."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Fundi aliegemea magongo yake akagoma kutembea.

"Kwa nini umenikatiza?"

"Wakijua tunaitoa wenyewe watatutoa kwenye mpango wao. Tutaambiwa tununue skrubu nyingine."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Mimi si nipo ndani? Nayajua ya ndani."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Ni mumewe, na hajawahi kumdanganya hata kuhusu mahali alipopitia akichelewa. Akainua magongo yake wakaondoka, na njiani alimnunulia machungwa kwa pesa ya sare mbili.

Tobo la nne halikufunga vizuri. La sita lilianza kutoa maji, na kufikia la tisa maji yale yalikuwa mazito, na wateja wakawa wanasimama mlangoni, hawaingii, wanapokelea sare zao pale pale kwa kunyoosha mkono. Mmoja aliziba pua kwa khanga halafu akajifanya anapiga chafya. Fundi aliliona hilo. Alishona kola yake mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwambie huyo anayefuata asubiri nje, nitamletea mimi," wakati hawezi hata kusimama.

Bwana Sungura alileta unga wa dawa kutoka kazini, ule wanaowawekea sungura kwenye maji. Aliupaka juu ya vitobo. Siku mbili mguu ukawa mwekundu, siku ya tatu ukawa na rangi asiyotaka kuitaja. Fundi alikuwa anachemka mwili mzima.

"Sungura nao walitoka usaha?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Hapana."

"Lakini walipona?"

"Walipona."

"Wako wapi siku hizi?"

Bwana Sungura alifunika kopo la dawa. Mama mkwe, aliyekuwa anakamua kitambaa cha maji, aliacha kukamua.

"Si umeulizwa, mkwe?"

"Waliuawa," alisema Bwana Sungura.

"Na nani?"

"Ndio utaratibu, mama. Wiki ya kumi na mbili ikifika wanachomwa sindano ya usingizi, mifupa inatolewa, inakatwa vipande vyembamba, inatazamwa."

"Wote?"

"Wote."

"Kwa hiyo ulipotuambia hakuna aliyechechemea," mama mkwe alisema polepole, "ni kwamba hawakupewa muda wa kuchechemea."

Fundi akacheka pale kitandani, kicheko kibovu cha homa, kikamgeukia kikohozi. Mama yake alitupa kitambaa ndani ya beseni, maji yakaruka mpaka kwenye sare za watu.

"Tafuta gari," alimwambia mkwewe. "Usinitazame. Tafuta gari, Sungura we!"

*

Daktari wa mifupa alifungua bandeji akarudi hatua moja nyuma. Halafu akasogea, akainama, akaanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa.

"Kumi na moja. Nani ametoboa hapa?"

Mama mkwe alimtazama mkwewe, mkwewe alitazama sakafu.

"Usaha umeingia kwenye mfupa," alisema daktari. "Tunakata chini ya goti. Leo. Tukingoja kesho tutakata juu ya goti, kesho kutwa tutakuwa tunawapa pole."

Bwana Sungura hakungoja kusikia mkewe atasema nini. Alitoka mbio, akavuka uwanja wa hospitali, akapanda ngazi za maabara mbili mbili mpaka kwa Profesa. Profesa alikuwa anafuta miwani. Ni mtu mpole, hajawahi kumfokea mfanyakazi hata mara moja, muulizeni yeyote.

"Kaa, bwana. Nimesikia habari za mkeo. Pole sana."

"Sikai, Profesa. Nimekuja kukiri. Wale sungura walivimba."

Akamwaga yote: namba saba, Jumatano, sindano, zile sifuri. Profesa alivaa miwani, akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Ulitoboa wangapi?"

"Wote."

"Wiki ngapi?"

"Tisa."

"Kuna mwingine anayejua?"

"Hakuna."

"Mkeo?"

"Ya sungura hayajui."

"Vizuri," alisema Profesa.

Neno lile lilimchoma, lakini hakuwa na nafasi ya kulichunguza. "Profesa, nakuomba, mpigie daktari. Azitoe tu zile skrubu, asikate. Yule ni fundi, anakula kwa mguu ule. Tunakula kwa mguu ule. Kama shida ni hewa tu—"

"Hewa ingekwisha yenyewe."

"Nini?"

"Mwili unainyonya. Wiki sita, wiki nane. Mkeo angevimba, angelalamika, tungeandika, na mwisho angepona. Sisi tulitaka kujua hicho tu, anavimba kiasi gani na kwa muda gani. Skrubu haijamfanya kitu mkeo, bwana. Kilichomwingizia uchafu mfupani ni sindano yako ya sungura."

Huenda ni kweli. Huenda skrubu zile hazina neno kabisa, na huenda ni sumu tupu. Ambao wangetuambia ni wale wanyama ishirini na wanne, na wao ushahidi wao ulitobolewa kila Jumatano mpaka ukaisha. Bwana Sungura akakaa kwenye kiti alichokikataa.

"Jumatatu tunaanza na wagonjwa wengine thelathini," aliendelea Profesa kwa sauti ile ile. "Miaka sita nimeihangaikia kazi hii. Siwezi kuisimamisha kwa sababu ya huruma ya mtu mmoja."

"Na hao thelathini wakivimba?"

"Watakuja kliniki. Kwani wao nyumbani wana mtunza sungura?"

Alivuta karatasi, akaandika mistari michache kwa mkono, akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba mgonjwa, kwa hiari yake na kinyume cha maelekezo aliyopewa, alikitoboa kidonda chake mwenyewe nyumbani. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mgonjwa na ya shahidi.

"Yeye aweke sahihi, wewe uwe shahidi. Hospitali itamtengenezea mguu wa bandia mzuri, na wewe utabaki na kazi yako. Hutaki, basi tuandike ukweli wote, na ukweli wote unaanza na wewe. Umeharibu jaribio la miaka sita, umempasua mtu bila kuwa daktari. Hiyo ni jela, bwana. Na mguu mtajinunulia."

Simu ikalia mezani. Profesa alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akaiweka.

"Wameshaanza kukata," alisema. "Karatasi hiyo usiikunje, tafadhali. Inaingia kwenye faili."

*

Alikaa nayo siku tatu. Siku ya nne akaipeleka wodini katikati ya gazeti. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la koridoni, na alipomwona alihamishia mkoba wake upande wa pili, kama vile amepita kibaka. Alimwamkia. Hakuitikiwa.

Fundi alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Shuka lilikuwa limetanda vizuri juu ya mguu mmoja, na upande wa pili lilianguka bapa tangu chini ya goti. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja mnene, mpishi wa shule, mguu wake umevunjikia jikoni.

"Umekula?" aliuliza Bwana Sungura.

"Umeleta nini?"

Akampa karatasi. Aliisoma mara moja, akarudia kuisoma, kidole kikifuata mistari.

"Nilijitoboa mimi?"

"Ni maneno tu ya kwenye karatasi."

"Kwa nini yawe mimi?"

Akainama, akamwambia yote kwa kunong'ona, mdomo karibu na sikio lake, watu wakidhani wanabembelezana. Alimweleza ya sungura, ya wagonjwa thelathini, ya jela na ya mguu wa bandia. Fundi hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, aliuliza:

"Siku ile daktari anatueleza njia mbili, ulikuwa unajua wanavimba?"

"Nilijua."

"Ungesema, ningechagua chuma."

"Ungechagua chuma."

"Halafu?"

Aliutazama upande wa shuka uliolala bapa.

"Sema, nataka kukisikia kinywani mwako. Halafu?"

"Ungekuwa na mguu."

"Ulinyamaza kwa sababu gani? Walikupa nini?"

Angemwambiaje? Kwamba alipewa stuli? Kwamba kwa wiki tano mama yake alimwita baba? Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa ovaroli, na Fundi akamtazama anavyojifuta bila kumwonea huruma hata kidogo. Alimchukia pale pale, na alijua kwamba hatamwacha, maana mtu mwenye mguu mmoja na cherehani ya pedali anamwacha mume mwenye mshahara aende wapi?

"Huo wa bandia unakanyaga pedali?" aliuliza.

"Wanasema unakanyaga."

"Wanasema wao au unasema wewe?"

"Wao."

"Lete kalamu."

Aliweka sahihi taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa kuandikia vipimo vya wateja. Bwana Sungura akaweka yake chini, ikaenda upande.

"Samahani, mwanangu," alisema mpishi wa shule kutoka kitanda cha jirani. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. "Siwaingilii mambo yenu. Nimesikia eti wewe uliwekewa zile za kuyeyuka. Nami nawekewa Jumatatu. Tangu niuone mguu wako roho yangu iko juu juu, sili, silali. Hebu niambie kweli, mwanamke kwa mwanamke, ni hizo?"

Fundi alimgeukia mumewe. Alimtazama muda mrefu, akimpa nafasi, na mpishi wa shule naye akafuata macho yake, akamtazama mwanamume mwenye ovaroli la hospitali, akingoja. Bwana Sungura alianza kupanga kurasa za gazeti lake.

"Hapana, mama," alisema Fundi. "Skrubu hazina neno. Nilijitoboa mwenyewe na sindano nyumbani. Ujinga wangu tu."

"Loo! Jamani!" Mpishi akashusha pumzi, uso wote ukamfunguka. "Pole, mwanangu. Pole sana. Basi umenitua mzigo. Mimi zangu wakishaweka, sizigusi hata kwa ukucha." Akajilaza, akavuta shuka mpaka shingoni, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma.

"Mpelekee Profesa karatasi yake," Fundi alimwambia mumewe. "Na ukitoka mwite mama, nataka kwenda haja, na wewe sitaki unishike."

Bwana Sungura aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, halafu akakumbuka, akaikunjua haraka haraka na kuilainisha kwa kiganja juu ya paja lake. Profesa hutoka ofisini saa tisa, na ilikuwa imeshafika saa nane na nusu. Alitembea upesi.